Hitilafu inatokea Kadutu, kwa developa wa Kinshasa haitokei

binti_wa_Kadutu (Bukavu)

Jambo wote. Mimi ni mjaribu programu, na katika ofisi yetu mjaribu ni mimi peke yangu. Developa, yaani waandishi wa programu, wako wanne. Watatu tunakaa nao hapa Nyawera, wa nne anakaa Kinshasa, na huyo wa nne ndiye mwenye sehemu ya malipo. Ndiye pia aliyenileta hapa leo.

Tunatengeneza programu ya simu kwa vikundi vya akiba, hizi AVEC ambazo siku hizi kila mtaa unazo. Kwa asiyezijua: watu 15 hadi 25, kila wiki mtu ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, pesa zinaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Sanduku sisi hatuligusi. Tunachotaka kuondoa ni daftari. Kwa hiyo kazi yangu ni moja tu, kuangalia kwamba hilo daftari jipya halisemi uongo.

Linasema uongo. Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye kikao cha akina mama wanaouza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale Kadutu. Mama mmoja alinunua hisa tatu, kila moja faranga 2,000, jumla 6,000. Akagusa "Tuma". Duara likazunguka, likazunguka. Chini ya lile paa mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Mwishowe ikatokea "Imeshindikana, jaribu tena". Naye akajaribu tena, kama alivyoambiwa. Katibu alipofunga hesabu, programu ilionyesha hisa sita, faranga 12,000. Ndani ya sanduku mlikuwa na 6,000. Mnaweza kuwaza maneno yaliyofuata katika kikao cha wanawake 22. Nilikuwepo, nimeshika simu mkononi, na beji ya ofisi shingoni.

Nikafungua tiketi, yaani ripoti ya hitilafu kwa developa. Jibu la kwanza: "Kwangu inafanya kazi." Ikafungwa.

Nikaifungua tena. Jibu la pili: kidole chenye maji, kwamba skrini ya simu ya bei rahisi inasoma mguso mmoja kama miwili. Hilo sikulidharau, kwa sababu kidole cha muuza sambaza kiko na maji tangu asubuhi. Nikatafuta simu ya Itel sawa na ya yule mama, nikafuta vidole kwa kitenge mpaka vikakauka, nikarudia mara 14 nikitembea kati ya mlango wa juu wa soko na mahali pa samaki. Mara 4 hisa zilijiandika mara mbili. Nikaandika kila kitu: tarehe, 15:42, aina ya simu, hisa tatu.

Jibu la tatu: "Nimetafuta kwenye logi za seva saa uliyoandika, hakuna kitu." (Logi ni kumbukumbu zinazojiandika kwenye seva, kompyuta kuu inayopokea maombi ya simu.) Ikafungwa. Hakuna kitu! Sasa hizo hisa tatu za ziada zilitoka wapi, ziwani?

Mkubwa wetu anasema toleo linatoka Ijumaa ijayo, na kwamba mimi "ninapenda sana kutafuta makosa". Ndiyo. Si ndicho mnachonilipia?

Naomba msaada wa mambo mawili. Moja, nifanyeje ili hii hitilafu ije ninapoiita, isiwe mara 4 kwa 14? Mbili, niiandikeje ili mtu aliye mbali na Kadutu aione? Na tafadhali msiniambie nitume video zaidi, mega ninazonunua ni za mfuko wangu.

---

mpita_njia

Mbona usijifunze kuandika programu uirekebishe mwenyewe? Kujaribu programu ni kazi ya kungojea kazi.

---

binti_wa_Kadutu

Kaka, mtu wa maabara akikuambia una malaria, humwambii aende akajifunze kutengeneza dawa. Tuendelee.

---

Yaya_Lshi (Lubumbashi)

Dada, kabla ya mengine yote: 15:42 ya wapi?

Sikuulizi kwa utani. Nchi yetu ina saa mbili. Bukavu, Goma na sisi wa Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Katika orodha ya saa inayotumiwa na kompyuta duniani kote, Kongo ina majina mawili, Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi, na Bukavu iko chini ya la pili. Seva nazo mara nyingi hazifuati saa ya yeyote kati yetu, zinafuata UTC, saa ya pamoja ya dunia. Kwa hiyo 15:42 yako ni 14:42 ya Kinshasa na ni 13:42 kwenye seva. Kama developa wako alidhani umeandika saa ya kwake, akatoa saa moja kupata UTC, basi alitafuta 14:42 kwenye logi, saa nzima baada ya mambo kutokea. Hakudanganya aliposema hakuna kitu. Alifungua mlango wa jirani.

Mimi nilijifunza hili kwa machozi. Nimefanya kazi miaka 11 kwenye programu za mishahara, na mfumo wangu wa kwanza ulikuwa wa kuhesabu zamu. Mfanyakazi wa zamu ya usiku akiingia 00:20 huku kwetu, seva iliyowekwa kwa saa ya Kinshasa iliandika 23:20 ya jana. Siku za kawaida hakuna aliyeona. Tarehe 1 ya mwezi zamu nzima ikaruka nyuma hadi mwezi uliopita, ambao mishahara yake ilikwisha kufungwa. Walikuja mpaka getini. Tangu siku hiyo kila tiketi yangu ina saa ya hapa, na pembeni saa ya UTC.

Sasa suala la kuiita ije. Umeandika kwamba mtandao ulipotea. Ulipotea *wapi* katika safari? Fikiria umemtuma mtoto dukani kuchukua sukari kwa mkopo. Anaweza kupotelea njiani kabla ya kufika: muuzaji hajaandika kitu. Anaweza kufika, muuzaji akaandika deni, kisha mtoto akapotelea njia ya kurudi. Wewe nyumbani unaona jambo lile lile, yaani mtoto harudi. Unamtuma wa pili, na muuzaji anaandika deni la pili. Hitilafu yako inaishi kwenye njia ya kurudi tu. Kati ya majaribio yako 14, hayo manne ndiyo mtandao ulikatika baada ya seva kupokea na kabla jibu halijafika kwenye simu. Ukitembea sokoni unangoja bahati. Unatakiwa kuikata njia ya kurudi kwa mkono wako.

Ninatumia mitmproxy, programu inayokaa kati ya simu na seva na kukuonyesha yanayopita, ni ya bure. Unaiweka kwenye kompyuta, simu na kompyuta zikiwa kwenye Wi-Fi moja, na kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu unaandika anwani ya kompyuta na mlango 8080. Kwenye simu unafungua mitm.it kuchukua cheti, kile kinachoifanya simu iiamini mitmproxy. Halafu unaiambia mitmproxy isimamishe majibu tu, kichujio chake ni ~s. Gusa "Tuma": ombi linapita mpaka kwenye seva, jibu linarudi na kukamatwa kwenye kompyuta yako, simu inangoja mpaka inachoka. Kisha gusa "Jaribu tena". Utakwama mahali pamoja: tangu Android 7, programu haziamini cheti ulichojiwekea mwenyewe isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Kwa hiyo muombe developa toleo la majaribio lenye ruhusa hiyo. Ni mistari michache, asikuambie ni wiki.

Na ile hoja ya kidole imalize kabisa. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye habari za simu, gusa namba ya toleo la mfumo mara 7, itafunguka sehemu ya watengenezaji. Humo kuna kitufe cha kuonyesha miguso. Ukikiwasha, kila unapogusa panatokea doa jeupe. Rekodi sekunde 20 za skrini, si dakika tano. Doa moja, duara, ujumbe, doa moja. Hapo nani atasema habari ya maji?

---

Goma_msimbo (Goma)

Mimi ni developa, naomba nisipigwe.

Yaya hapo juu amesema kweli kuhusu njia ya kurudi. Naongeza upande wetu. Huyo ndugu wa Kinshasa huenda anajaribu kwenye simu ya bandia iliyo ndani ya kompyuta, juu ya intaneti nzuri, jibu linarudi kabla hajapumua. Lakini hata hiyo simu ya bandia ya Android inaweza kuteswa: ukiiwasha kwa -netspeed edge na -netdelay edge inakuwa na mtandao wa pole kama wa simu za zamani. Haitakata njia ya kurudi, ila atakaa akitazama duara lile lile ulilotazama wewe. Kutazama duara kunafundisha.

Dawa inajulikana. Simu itengeneze namba ya pekee kwa kila ununuzi na kuituma pamoja na ombi. Seva ikiona namba ambayo ilikwisha kuiandika, haiandiki tena, inarudisha jibu lile la kwanza. Akikuambia amezima kitufe ili kisiguswe mara mbili, usikubali. Kitufe kilichozimwa hakimzuii mtu ambaye programu yenyewe imemwambia ajaribu tena.

Lakini dada, nakuomba: hii dawa usiiandike kwenye tiketi. Mimi nikiona mjaribu ameniandikia suluhisho, nasoma suluhisho, naacha kusoma dalili. Ni tabia mbaya, najua. Andika kilichotokea, na kichwa cha tiketi kiwe na pesa. Yako ilikuwa na kichwa gani?

---

binti_wa_Kadutu

"Tatizo la mtandao wakati wa kutuma."

Nimeona aibu hata kuiandika hapa.

---

Goma_msimbo (Goma)

Hapo hata mimi ningeifunga. Tatizo la mtandao si langu, ni la Mungu na minara. Andika "Mwanachama anaandikiwa faranga 12,000 baada ya kulipa 6,000", uone kama mtu atalala.

Na kuhusu mambo ya saa, sisi tuliumia kwa siku. Mtafsiri wetu alitoka pwani, akaandika kwamba malipo ni Jumatatu. Huku kwetu siku ya kwanza ndiyo mwanzo wa juma la kazi, siku ya tatu iko katikati. Wazee kadhaa walisikia "tatu" wakaja siku mbili baadaye, wamevaa vizuri, ofisi imefungwa. Kiswahili ni kimoja, mpaka utakapopanga siku ya malipo.

---

binti_wa_Kadutu

Siku nne zimepita, narudi na habari.

Ilikuwa saa. Niliandika tiketi upya na kichwa chenye faranga 12,000, na ndani nikaweka 15:42 Bukavu, 13:42 UTC. Haikupita nusu saa akanipigia simu, mtu ambaye tangu nianze kazi tumeandikiana tu. Alikuwa na mistari miwili ya logi mbele yake: mwanachama yule yule, hisa tatu, sekunde 19 kati ya wa kwanza na wa pili. Alikuwa ametafuta 14:42, kama Yaya alivyosema. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema "pole". Nikamwambia hata mimi, kwa kile kichwa cha habari. Akanitumia toleo la majaribio jioni ile ile.

Cheti kilinisumbua saa mbili nzima, na umeme ulikatika katikati, Wi-Fi nayo ikaenda. Nikatumia simu ya pili kuwa Wi-Fi, ikafanya kazi. Kisha nikakaa mezani, sijatembea popote, nikakamata majibu. Mara 10 kwa 10 hisa zilijiandika mara mbili. Sikuwahi kufurahia kosa namna ile. Mwenzangu wa meza ya pili aliuliza kama nimepata mume.

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Alileta marekebisho ya kwanza, namba ya pekee, kama Kaka wa Goma alivyosema, na mimi sikumwambia neno. Nikajaribu: bado mara 10 kwa 10. Nikatazama kwenye mitmproxy maombi mawili moja chini ya jingine. Namba ilikuwepo, lakini ombi la kwanza lilikuwa na yake na la pili na yake. Alikuwa anaitengeneza wakati wa kugusa kitufe. Kila mguso namba mpya, kwa hiyo kwa seva kila mguso ni ununuzi mpya. Ni kama kumpa kila mtoto unayemtuma dukani barua tofauti.

Marekebisho ya pili, namba inatengenezwa mama anapochagua hisa, kabla ya kugusa "Tuma". Mara 10 kwa 10 ikaandikwa mara moja. Wote wakapiga makofi kwenye kikundi cha WhatsApp. Mimi nikakumbuka yule mama. Mtandao ukisumbua hangoji ujumbe. Anafunga programu, anauza kilo mbili, anafungua tena. Nikafanya hivyo: nikatuma, nikakamata jibu, nikaifunga programu kabisa, nikaifungua, nikaanza upya. Hisa sita. Namba ilikuwa inakaa kwenye kumbukumbu ya muda, programu ikifa nayo inakufa. Nilipoiripoti hiyo hakubisha. Aliandika tu "ndiyo" na siku ya pili namba ikawa inahifadhiwa ndani ya simu kabla ombi halijatoka, na programu ikifunguka inauliza kwanza: ununuzi wa hisa tatu haujathibitishwa, tuuangalie?

Halafu jaribio ambalo karibu nilisahau, la upande wa pili. Mtu akinunua hisa mbili asubuhi, na baadaye katika kikao kile kile akarudi kununua mbili nyingine kwa nia yake, zote nne lazima ziandikwe. Tungeweza kuziba kosa la kuandika mara mbili kwa kumnyima mtu haki ya kununua mara mbili. Hilo lilipita.

Toleo halikutoka Ijumaa. Mkubwa aliwaandikia wateja kwamba limesogezwa "kwa sababu za kiufundi". Sababu za kiufundi zilikuwa zimekaa pale mezani zinakula muhogo.

Swali moja kwa Yaya: hisa zilizokwisha kuandikwa mara mbili kwenye vikundi vingine tunazijuaje? Katibu wetu wa Kadutu alizifuta kwa kalamu kwenye daftari la zamani, ambalo namshukuru Mungu hakulitupa. Wengine je?

---

Yaya_Lshi (Lubumbashi)

Aksanti kwa kurudi. Wengi wakishapona hawarudi kusema.

Zile za zamani hazina namba ya pekee, kwa hiyo hamuwezi kuzijua kwa hakika. Mtazikisia tu. Tafuteni mwanachama yule yule, idadi ile ile, ndani ya dakika mbili. Lakini msizifute kwa seva! Mtu anaweza kuwa alinunua kweli mara mbili, wewe mwenyewe umeliona. Mpeleke kila katibu orodha yake, ahesabu sanduku mbele ya wenye funguo watatu, aamue yeye. Sanduku ndilo shahidi.

Na ile ya kufunga programu katikati ya safari, andika iwe jaribio la kudumu kwa kila toleo. Watu wa ofisini hawafungi programu, watu wa sokoni wanafunga.

---

mpita_njia

Sawa, mfano wa malaria nimeukubali.

---

binti_wa_Kadutu

Umechelewa, lakini karibu.

Yaya, tumefanya hivyo. Vikundi vitatu vilikuwa na hisa za mashaka, viwili vimekwisha kuhesabu.

Sasa nina jingine, nililipata jana nikipeleka orodha kwa kikundi cha tatu. Katibu alitafuta mwanachama kwenye simu, jina linaanza na M', kama majina mengi ya wanawake wa Bushi, nchi ya Washi. Programu ikasema hayupo. Mama mwenyewe amekaa mbele yetu, anatutazama. Nikaandika jina lake herufi kwa herufi, hayupo. Nikaandika postinomu yake, yaani jina lake la pili, peke yake, akatokea! Nikalinganisha M' ya kwenye orodha na M' niliyoandika mimi. Orodha ililetwa kutoka Word, na Word ilipindisha alama kidogo, ikawa ’. Kibodi ya simu inaandika iliyonyooka, '. Kwa macho ni alama moja, kwa kompyuta ni mbili tofauti.

Nimehesabu kwenye orodha ile: wanawake tisa "hawapo". Safari hii kichwa cha tiketi nimekiandika vizuri, na saa nimeweka zote mbili. Nangoja Kinshasa waamke.